Ukialikwa Burnaby: namna ya kulijaribu gemu jipya la mpira kwenye studio yake

Anayealikwa kucheza gemu la mpira kabla halijatoka hupewa siku moja au mbili mbele ya runinga ya studio, chakula, pengine fulana, na toleo ambalo bado lina kasoro. Katika hayo yote, chenye thamani kwa studio na kwa wachezaji wenzako waliobaki nyumbani ni maandishi yako: mtu ayasome, arudie ulichofanya, aone ulichoona. Sifa na lawama za jumla wanazo tayari, tena za kumwaga.

Mwongozo huu umeshika EA Sports FC, gemu linalotengenezwa Burnaby, pembeni mwa Vancouver, Kanada. Ndilo lililoanza mwaka 1993 likiitwa FIFA, likabadili jina mwaka 2023. Ukiitwa Orlando kwa ajili ya Madden NFL, gemu la mpira wa Kimarekani, au Novato, California, kwa NBA 2K, la mpira wa kikapu, vipimo vya uwanjani vitabadilika lakini utaratibu ni uleule.

Kabla ya kupanda ndege

Mlango wa kuingilia ni wa aina mbili. Wapo wanaoitwa kwa sababu wana wafuasi na wanatengeneza video za gemu hilo, na wapo waliojiandikisha kwenye mpango wa majaribio wa kampuni wakajaza umri, mahali wanapoishi na mashine walizonazo. Jaza kweli tupu. Ukiandika una PS5 wakati unacheza PS4 ya kuazima, utaitwa kwenye jaribio ambalo huna cha kulilinganisha nalo.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya mgeni kuingia Kanada: dola 100 za Kanada za maombi na 85 za alama za vidole na picha. Alama hizo ukishazitoa hutumika miaka 10. Viza inaweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo siku ya kupokea mwaliko ndiyo siku ya kuomba barua rasmi. Barua iwe na tarehe za ziara, anwani ya studio, na sentensi inayosema waziwazi nani analipa tiketi, hoteli na posho. Barua iliyokaa kimya kuhusu malipo humfanya afisa aangalie akaunti yako ya benki kwa jicho jingine. Kwa kuwa utakuwa chini ya mkataba wa usiri, muulize mwenyeji mapema sababu ya safari iandikwe vipi. Afisa wa viza lazima aambiwe ukweli, na studio imeshazoea swali hilo.

Mkataba wenyewe usome ukiwa umekaa, sio kwenye foleni ya mapokezi. Tafuta mambo manne: kitu gani hakitajwi kabisa, kitu gani kinatajwa baada ya tarehe fulani, kama unaruhusiwa hata kusema kwamba ulikuwepo, na embago, yaani katazo la kuchapisha kabla ya muda fulani, inaisha saa ngapi kwa saa za wapi. Hilo la mwisho limewaponza wengi. Embago ya saa 3 asubuhi ya Vancouver wakati wa kiangazi inaisha saa 1 usiku wa Nairobi siku hiyohiyo. Ukiipanga video itoke saa 3 asubuhi ya kwenu, umeivunja kwa saa 10 nzima, na mwaka unaofuata jina lako halitakuwepo kwenye orodha.

Tofauti hiyo ya saa 10 ina kazi nyingine mwilini. Saa 8 mchana Burnaby, mwili wako uko saa 6 usiku Dar es Salaam. Vidole vitachelewa, na utaandika kwamba gemu ni zito kumbe mzito ni wewe. Fika siku mbili kabla ikiwezekana. Kama haiwezekani, vipimo vya kasi na kuitikia kwa padi vifanye asubuhi, mchana uache kwa menyu, maneno ya watangazaji na mazungumzo.

Wiki ya mwisho nyumbani ni ya kutengeneza msingi wa kulinganishia. Chagua timu mbili tu, kiwanja kimoja, hali ya hewa kavu, urefu wa kipindi mmoja, na cheza hizo hizo wiki nzima, pamoja na vipimo vilivyo hapa chini, kwenye gemu ambalo tayari liko dukani. Kisha andika mipangilio yako yote kwenye karatasi: aina ya kamera, kimo na ukaribu wake, msaada wa pasi za chini, wa krosi na wa mashuti, namna ya kubadili mchezaji. Karatasi, kwa sababu simu huenda ikakusanywa mlangoni au ikabandikwa stika kwenye kamera. Toleo la studio litakuwa kwenye mipangilio ya kiwandani, na aliyezoea pasi za kujilenga mwenyewe akicheza na msaada kamili atasema pasi zimekuwa rahisi mwaka huu.

Kama simu yako inarekodi fremu 240 kwa sekunde, pima pia kuchelewa kwa padi ukiwa nyumbani. Elekeza kamera ionyeshe kidole na runinga kwa pamoja, bonyeza pasi mara 10, kisha hesabu fremu kuanzia kitufe kinapozama hadi mguu wa mchezaji unapoanza kutikisika. Kila fremu ni kama milisekunde 4, hivyo fremu 24 ni sawa na milisekunde 100. Studioni hutaruhusiwa kufanya hivi, ila namba hiyo utaihitaji gemu likishatoka.

Nusu saa ya kwanza chumbani

Usiandike chochote kuhusu mchezo. Kwanza tazama kona ya skrini: matoleo ya majaribio kwa kawaida huwa na namba yake pale, na namba hiyo ndiyo inaanza kila ukurasa wa daftari. Kesho asubuhi wanaweza kuwa wameweka toleo jingine, na kasoro uliyoiona jana isiwepo tena.

Pili, mashine. Uliza kama ni PS5, Xbox Series, kompyuta au mashine ya watengenezaji. Swali hili lina uzito kwetu kuliko kwa Mzungu, kwa sababu vibanda vingi vya gemu Afrika Mashariki bado vinatumia PS4, na HyperMotionV, mfumo wa miondoko uliokuja na FC 24, gemu la mwaka 2023, haupo kwenye PS4. Unaweza kusifu jinsi wachezaji wanavyokimbia, mwenye kibanda Mwananyamala akanunua, asikione ulichokisifu.

Tatu, runinga. Fungua mipangilio yake uone kama hali ya gemu imewashwa. Ikiwa imezimwa, runinga inaendelea kusafisha picha kabla ya kuionyesha, na padi inaonekana imechelewa bila gemu kuwa na kosa. Waombe waiwashe. Hawachukii, mara nyingi runinga zimepangwa na watu wa ukumbi, sio watengenezaji.

Nne, nakili mipangilio yako kutoka kwenye karatasi, cheza mechi mbili za kupasha misuli, halafu ndiyo ufungue daftari.

Jambo moja zaidi la kuuliza, hasa kuanzia FC 26: mmewekewa mchezo wa aina gani? Gemu hilo lilileta seti mbili, Competitive kwa mechi za mtandaoni na Authentic kwa anayecheza peke yake. Makipa, kasi na mabeki wa kompyuta haviendi sawa kati ya hizo mbili. Watu wawili wanaweza kutoka chumba kimoja wakabishana mwezi mzima, kila mmoja akiwa amecheza seti yake.

Vipimo vyenyewe

Mechi za kawaida zinafurahisha, ila hazipimi kitu. Una wenzako chumbani, basi tafuta mmoja asiye na papara mfanye kazi pamoja. Mistari ya uwanja ndiyo futi kamba yenu.

Pasi. Duara la kati lina kipenyo cha mita 18.3. Simamisha kiungo ukingoni mwa duara, mpokeaji ukingo wa pili, piga pasi 10 kwa nguvu ileile. Anza na kiungo ambaye gemu linampa namba ya uwezo wa pasi zaidi ya 85, rudia na beki mwenye 60 hivi. Ukiona hakuna tofauti ya kasi ya mpira wala ya usahihi, hiyo ni habari kubwa: ina maana namba za wachezaji hazifanyi kazi kwenye pasi fupi. Fanya hivyohivyo mpigaji akiwa amegeuza mgongo, maana pasi ya kugeukia ndiyo huwa inapewa adhabu ndogo mno au kubwa mno.

Mbio. Kwenye uwanja wa mita 105, kutoka mstari wa eneo la hatari hadi mstari wa kati ni mita 36. Winga mwepesi na beki mrefu waanze pamoja, kila mmoja na padi yake, bila mpira, halafu winga akiwa na mpira. Andika nani yuko mbele baada ya mita 10 na nani mwishoni. Kipimo hiki kinaonekana cha kitoto, lakini kumbuka FIFA 23: mfumo mpya wa kuongeza kasi uliwagawa wachezaji makundi matatu, na kundi la wanaochelewa kushika kasi lilikuwa na nguvu kupita kiasi. Mabeki wa kati wakawa wanawakamata mawinga, watu wakajaza vikosi vyao mabeki hao, hadi masasisho yalipoupunguza mfumo. Mashindano ya mita 36 yanaonyesha jambo kama hilo kwa dakika tano.

Mabeki wa kompyuta. Hapa mwenzako azime kubadilisha mchezaji kiotomatiki, achague straika wake, kisha aweke padi mezani. Sasa wewe unashambulia timu inayojilinda yenyewe. Peleka mpira winga, rudisha kati, piga pasi ya kupenyeza, mashambulizi 10 kila upande. Angalia beki wa kati: anabaki kwenye mstari, au anamfuata straika wako hadi katikati ya uwanja na kuacha shimo mgongoni? Angalia pia kiungo mkabaji kama anaziba shimo hilo. Andika muundo wa timu na maelekezo ya wachezaji, kwa sababu tangu FC 25 ilipoleta mfumo wa mbinu uitwao FC IQ, majukumu ya kila namba ndiyo yanayoamua anakokwenda. Beki aliyepewa jukumu la kupanda akipanda sio kasoro.

Kipa. Mashuti 20 kutoka kwenye tao la juu ya eneo la hatari kwenda nguzo ya karibu, 20 kwenda nguzo ya mbali, mpigaji mmoja, mguu mmoja. Gawa matokeo: goli, kadaka, katema, nje. Mpira uliotemwa uandike ulikoangukia, kwa kuwa kipa anayetema katikati kila mara ni tatizo kuliko kipa anayefungwa. Kabla hujaanza, tazama kama mpigaji ana PlayStyle, yaani ustadi maalumu aliopewa na gemu, ya mashuti ya kuzungusha, hasa ile yenye alama ya kujumlisha. Kwenye FC 24 mashuti hayo yalilalamikiwa kila kona. Ukiyapima kwa mchezaji mwenye PlayStyle hiyo tu utadhani makipa wote wamepofuka.

Usikimbilie hitimisho kwa hesabu ndogo. Magoli 3 katika mashuti 10 leo na 5 katika 10 ya nyumbani hayasemi lolote, hiyo ni bahati. Magoli 15 katika 50 dhidi ya 30 katika 50, hapo kuna jambo.

Mwamuzi na uchovu vipimeni kwa haraka. Kwa mwamuzi, rafu moja ya nyuma irudiwe mara 5 ndani ya eneo la hatari na mara 5 nje, mwone kama kadi na penalti zinaendana. Kwa uchovu, mkimbize winga mmoja kipindi chote, na dakika ya 75 mrudishe kwenye zile mita 36.

Kimoja usikipime kabisa: mchezo wa mtandaoni. Mashine za studioni zimeunganishwa kwa kebo chumba kimoja au jengo moja. Mechi itateleza kama maji, na haina uhusiano wowote na mechi ya mtu wa Mbeya anayetumia data ya simu.

Kuandika kasoro ili irudiwe

Linganisha. Hii ni taarifa isiyo na kazi: “Kipa alifanya ujinga nikafungwa, rekebisheni makipa.” Hii inafanya kazi:

“Toleo namba fulani, PS5, Competitive, mvua. Dakika ya 61. Krosi ya chini kutoka kulia, beki wangu akaugusa mpira kidogo. Kipa akabaki amesimama nguzo ya karibu, mpira ukapita mita moja mbele yake. Nilitarajia adake au aupige. Imerudia mara 4 katika 7, zote beki akiwa ameugusa kwanza. Bila kuguswa, 0 katika 6.”

Mhandisi akisoma hiyo anajua pa kuanzia: huenda kipa anaendelea kufuata njia ya mpira kabla haujaguswa. Majaribio 6 ya upande wa pili ndiyo yaliyomsaidia zaidi, na ndiyo ambayo wengi huyaruka. Ukiona kasoro, jaribu pia kuifanya isitokee.

Gemu likiganda, usiguse kitu. Usizime mashine, usitoe kebo. Inua mkono, maana mashine inaweza kuwa inahifadhi kumbukumbu ya kilichotokea sekunde za mwisho, na kuzima kunaifuta. Andika kitufe cha mwisho ulichobonyeza.

Yapo mambo yanayoonekana kasoro na siyo. Sura za wachezaji zisizofanana nao, jezi za mwaka jana, mtangazaji anayenyamaza dakika nzima, wachezaji wenye namba za ajabu, mashabiki waliosimama kama magogo: toleo la miezi miwili au mitatu kabla ya Septemba, gemu linapotoka, huwa hivyo. Usajili wa timu nao haujafungwa. Ukiyajaza daftari hayo, utakuwa umewaambia wanachokijua na kuwaficha usichojua kuwa unacho.

Kuongea na waliolitengeneza

Tambua uko na nani. Msimamizi wa jumuiya atakupokea na kukuaga, lakini hajui kwa nini beki anapanda. Mtayarishaji wa mchezo wa uwanjani anajua, na mhandisi aliyekaa nyuma bila kusema kitu anajua zaidi. Omba dakika 10 na hao wawili, uwaonyeshe jambo moja kwenye skrini, padi mkononi.

Uliza nini bado kinabadilika. Miezi hiyo ya mwisho, kinachobadilika ni namba: kasi ya mpira, ukali wa mwamuzi, jinsi kipa anavyowahi, kiwango cha kosa kwenye mashuti. Kisichobadilika ni kilichojengwa muda mrefu, kama aina mpya ya mashindano au miondoko mipya. Kwa FIFA 22 studio iliwavalisha wachezaji 22 mavazi yenye vihisio wakacheza mechi nzima, na data ile ikafundisha mfumo wa HyperMotion. Kazi ya namna hiyo hairudiwi Julai kwa sababu mgeni hakupenda namna straika anavyogeuka. Ukiomba mwondoko mpya, utajibiwa kwa heshima na hakuna kitakachotokea. Ukionyesha kwamba mwondoko uliopo unaanza fremu chache mapema mno, hilo linaweza kurekebishwa wiki hiyo.

Eleza tatizo, dawa waachie. “Pasi ya kupenyeza inafika hata mpokeaji akiwa amebanwa na watu wawili” ni tatizo. “Punguzeni pasi za kupenyeza kwa asilimia 20” ni dawa ya mtu asiyejua ni sehemu gani tatu nyingine zitavunjika.

Na ile hoja ya kwamba gemu linaamua mshindi lenyewe, iache hotelini. Kampuni imeikana mara nyingi. Kesi iliyofunguliwa California mwaka 2020 kuhusu jambo hilo iliondolewa na walalamikaji wenyewe mwaka 2021, baada ya kupewa maelezo ya kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi. Ukiiibua mezani, mazungumzo yanaisha hapo hapo. Kama unaona pasi zinaharibika ghafla ukiwa unaongoza, peleka namba: pasi 30 ukiwa mbele, 30 ukiwa nyuma, mpigaji yuleyule, dakika zilezile.

Ukishatoka

Usiku huohuo nakili daftari kwa usafi, kabla ya chakula cha pamoja kuchanganya uliyoyaona na uliyosimuliwa. Weka alama tofauti kwa kila kundi: nililopima, nililoliona mara moja, nililoambiwa. Wasomaji wako wana haki ya kujua tofauti hiyo.

Ukichapisha, sema mwanzoni kabisa nani alilipa tiketi na hoteli. Marekani na Uingereza sheria inataka hivyo, na hata pasipo sheria, mtazamaji akigundua baadaye hatakuamini tena. Video utakazopewa na studio zimechaguliwa na watu wa masoko, kwa hiyo andika juu ya picha kwamba siyo mechi uliyocheza wewe. Mtu akikuuliza kama alinunue sasa, mwambie asubiri toleo la dukani.

Gemu likitoka, pakua sasisho la siku ya kwanza, rudi kwenye timu zilezile mbili na karatasi ileile ya mipangilio, ufanye vipimo vyote tena pamoja na ule wa fremu 240. Kwenye kila kipengele andika namba tatu zikifuatana: ya gemu la zamani, ya studioni, ya dukani. Ile ya kuchelewa kwa padi itakuwa na mbili tu. Sasisho kubwa la kwanza likija wiki chache baadaye, ongeza safu nyingine, na kasoro ulizoripoti ambazo bado zipo zitume tena kwa mtu yuleyule uliyemwonyesha, ukitaja namba ya toleo la siku ile.